Dume, mbegu ya mrija au kiinitete? Ulinganisho kwa mfugaji wa Malindi na Lamu

Mjomba wangu anafuga karibu na Witu. Ananiita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo ada yetu. Mwezi uliopita alinipigia simu, na kabla hatujamaliza kujuliana hali akauliza:

"Mjomba, nimeambiwa siku hizi ng'ombe anazaa mtoto asiye wake. Ni kweli, au watu wa barazani wananichezea?"

"Ni kweli, mjomba."

"Basi nitafutie bei."

Ningempa bei siku ile angeuza madume wawili kununua kitu ambacho zizi lake halikihitaji. Namjua. Badala yake nilimuuliza maswali matatu. Je, unaye jike ambaye kila ukimtazama unatamani angekuwa kumi? Nani hapo kwako huona ng'ombe akiwa na joto, yaani akitaka dume, na huona saa ngapi? Na ndama akizaliwa, mama yake atakula nini mwezi wa pili, majani yakiwa yamekauka mpaka mizizi? La kwanza alinyamaza. La pili alisema, "Mchungaji, akikumbuka." La tatu alicheka.

Majibu yale yananitosha kumshauri, lakini hayawezi kuwa ya kila mtu. Yangu mimi, huku Ganda nje kidogo ya mji wa Malindi, ni mengine kabisa, na mwisho wa hesabu nimeelekea njia ambayo yeye nimemkataza. Kwa hiyo nazipanga hapa njia zote, kila moja ubavuni mwa mwenzake, mtu ajipime.

Jambo la kushika mapema ni kujua kila njia inazidisha kitu gani. Dume anazidisha damu yake mwenyewe, mema na mabaya. Mbegu ya mrija inazidisha damu ya dume bora wa mtu mwingine. Mbegu iliyochambuliwa inafanya hivyo hivyo, ila inakuchagulia jinsia. Kiinitete, yaani mimba changa inayohamishiwa tumboni mwa jike mwingine, kinazidisha damu ya jike. Ukishajua unataka kuzidisha nini, nusu ya uamuzi umeisha.

Dume wa zizini

Wapo wanaomcheka mfugaji mwenye dume. Mimi simcheki. Ng'ombe wetu wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu, joto lao ni fupi kuliko la ng'ombe wa kizungu, mara nyingi halipiti muda wa saa kumi na mbili, na hupenda kuanza usiku. Dume analiona saa tisa usiku, wewe ukiwa unakoroma. Hahitaji simu wala barabara. Dume mzima aliyekomaa anahudumia majike 25 hadi 30 bila tabu, na kwa kundi linalochungwa mbali, upande wa Langobaya au ndani ya delta ya Tana, sioni njia inayomshinda.

Madhara yake yanakuja polepole. Mwaka wa tatu anaanza kupanda binti zake. Tena dume wa kuazimana, anayetoka boma hili kwenda lile, husambaza magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, na mawili mabaya ni kampilobakta na trikomonasi. Yeye mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Utaona tu majike wanarudi kwenye joto baada ya mwezi, baada ya miezi miwili, mimba zinapotea zingali changa, na watu wanaanza kutafuta aliyewaroga. Na hutajua tarehe ya kuzaa. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi, lakini utahesabu kuanzia lini, na hukuona?

Ukibaki na dume, basi mbadilishe kila baada ya miaka miwili au mitatu, na usikubali wa kuazima aliyepita maboma manne.

Mbegu ya mrija

Hii wengi wanaijua kwa jina la A.I.; kwa Kiswahili cha vitabu ni uhimilishaji. Nchini mwetu si mgeni. Kituo cha Kabete cha kukusanya mbegu za madume kilianzishwa mwaka 1946, na leo kinaendeshwa na shirika la serikali linalojulikana kwa kifupi KAGRC. Hapo unapata mbegu za ng'ombe wa kizungu, Friesian, Ayrshire, Jersey, Guernsey, na muhimu zaidi kwetu watu wa pwani, za wale wenye nundu, Sahiwal na Boran.

Mbegu iko ndani ya kimrija chembamba cha robo au nusu mililita, kimezamishwa kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji anakitoa, anakiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37 kwa zaidi kidogo ya nusu dakika, kisha anapitisha chuma chembamba kwenye mlango wa kizazi na kuiacha mbegu mbele yake kidogo, mwanzoni mwa mfuko wa uzazi. Kazi yote haichukui hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Ugumu ni saa. Yai la ng'ombe hutoka saa kumi na mbili hivi baada ya joto kuisha, na ndiyo maana wahimilishaji wana kanuni yao: aliyesimama asubuhi kupandwa na wenzake anahudumiwa jioni, aliyesimama jioni anahudumiwa kesho asubuhi. Kusimama ndiyo dalili ya kuamini. Kulia, kukojoa kila mara, ute unaoning'inia, hizo zinakwambia tu uanze kumwangalia. Kwa zebu, yaani yule wa kienyeji mwenye nundu, ambaye joto lake ni fupi, usisubiri muda wote huo.

Akihudumiwa vizuri, kati ya ng'ombe kumi hushika watano hivi mara ya kwanza. Asiyeshika anarudi baada ya siku 21, na siku hizo 21 ni za chakula bila tumaini la maziwa.

Niseme yaliyonikuta. Ninaye ng'ombe anaitwa Shani, chotara wa Sahiwal na Ayrshire, mwenye kiwele cha kuvutia macho. Mwaka mmoja alihimilishwa mara nne, kuanzia Desemba mpaka Machi, na mara nne akarudi. Nilimlaumu ng'ombe, nikalaumu madini, nikafikiria kumpeleka machinjioni. Kisha nikaja kujua kuwa majirani watatu waliohudumiwa na mtu yule yule wiki zile zile, wote ng'ombe wao wamerudi. Mtungi wa mhimilishaji yule ulikuwa umekauka naitrojeni, akawa anatembea na mbegu zilizokufa. Tangu hapo nina tabia moja ambayo wahimilishaji hawaipendi: namwomba afungue mtungi mbele yangu. Kukiwa na naitrojeni utaona ukungu mweupe ukitambaa mdomoni mwa mtungi, na mrija hauinuliwi juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache. Anayeudhika, basi.

Kwa watu wa Lamu tatizo hili ni kubwa zaidi kuliko la Malindi. Naitrojeni inavukiza kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa, na kutoka Malindi kupitia Garsen hadi Witu, Mpeketoni na Hindi ni mwendo. Kabla hujachagua aina ya dume kwenye orodha, uliza mtungi ulijazwa lini.

Lakini si kila kurudi kulitokana na mtungi. Mara mbili za mwisho Shani alihudumiwa na mtu mwingine, hodari, mtungi umejaa, na bado akarudi. Hapo adui alikuwa hari. Nitalirudia.

Mbegu iliyochambuliwa

Mbegu inayozaa jike ina vinasaba kwa uzito zaidi ya ile inayozaa dume, karibu asilimia 4. Mashine inazipitisha moja moja, inazipima kwa mwanga, inazitenga. Ukinunua ya majike, ndama 9 kati ya 10 watakuwa majike. Bei inapanda, na mrija una mbegu chache mno, kama milioni 2 badala ya takriban milioni 20, kwa hiyo nafasi ya kushika inashuka. Hupewa mtamba mwenye afya, aliyeonekana vizuri akiwa na joto. Ng'ombe aliyekwisha kurudi mara tatu usimpotezee.

Wauzaji hawasemi kuwa ndama dume pwani hii si hasara kama kule wanakouza maziwa tu. Dume wa miaka miwili, Idi ya kuchinja ikikaribia, mnunuzi wake anabisha hodi mwenyewe.

Kiinitete

Hapa ndipo mjomba alipotaka kufika. Kiinitete ni mimba ya siku saba, ndogo kuliko chembe ya mchanga, iliyotoka kwa jike mmoja na kuwekwa ndani ya jike mwingine. Anayekibeba anaitwa mbebaji. Anachangia tumbo, damu ya kumlisha, maziwa. Rangi na kiwele cha ndama vinatoka kwa wazazi wengine. Ndama wa kwanza wa njia hii alizaliwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1951.

Vinapatikana kwa namna mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya kuosha mfuko. Jike bora anapigwa sindano za homoni asubuhi na jioni kwa siku nne, ili badala ya yai moja atoe mengi. Anahimilishwa mara mbili au tatu. Siku ya saba mtaalamu anaingiza mpira mwembamba, anaosha mfuko wa uzazi kwa maji maalumu, kisha anavitafuta viinitete kwa darubini. Kwa wastani hupatikana vitano au sita vinavyofaa. Huo ni wastani tu, kwani yuko atakayetoa kumi na tano na yuko atakayetoa sifuri baada ya gharama yote ile, na hakuna wa kukuambia mapema ni yupi. Kisha anahitaji mapumziko ya wiki kadhaa kabla ya kurudiwa.

Ya pili ni ya maabara. Sindano ndefu, ikiongozwa na mashine ya kuonyesha picha, inafyonza mayai machanga moja kwa moja kutoka ovari. Yanakomazwa kwa muda wa siku moja, yanakutanishwa na mbegu, yanalelewa siku saba kwenye joto la nyuzi 38.5. Takriban theluthi yanafika kuwa viinitete. Jike hahitaji zile sindano za siku nne, anaweza kurudiwa kila wiki mbili, na hata jike mwenye mimba changa anaweza kutoa. Mrija mmoja wa mbegu ghali unatosha mayai mengi. Ndama wa kwanza wa maabara alizaliwa Marekani mwaka 1981, lakini walioigeuza kuwa kazi ya kila siku ni Wabrazili, kwa sababu ng'ombe wao, Nelore na Gir, ni wa nundu. Ng'ombe wa nundu hutoa mayai mengi kuliko wa kizungu. Hiyo ni habari njema kwa mtu mwenye Sahiwal au Boran, na sijui kwa nini haitangazwi zaidi huku kwetu.

Nikizilinganisha: ya kuosha inatoa viinitete vigumu zaidi, vinavyostahimili kugandishwa na safari. Vya maabara vikigandishwa hulegea, na kushika mimba kunapungua, ijapokuwa ni vingi. Mara moja moja ndama wa maabara hukua tumboni kupita kiasi akaleta taabu ya kuzaliwa. Kwa mtu wa Malindi atakayepokea kitu kilichosafiri kwenye mtungi, ningependelea cha kuosha. Kwa mwenye shamba kubwa la Sahiwal anayeweza kuita timu nzima na maabara yake, cha maabara.

Sasa mbebaji. Watu wakisikia kiinitete akili yao yote inakwenda kwa yule jike bora, ilhali kazi inaharibikia kwa mbebaji. Mfuko wake lazima uwe siku ile ile ya kiinitete, yaani awe alikuwa na joto siku saba zilizopita, ikizidi au kupungua isipite siku moja. Ndiyo maana wabebaji hupangwa joto kwa dawa. Awe na nyama mwilini, asiwe mbavu nje. Awe na nyonga pana, maana ukiweka kiinitete cha Friesian kwenye zebu mdogo wa Jilore, siku ya kuzaa utaita daktari na sheikh pamoja. Na andaa wengi kuliko viinitete ulivyo navyo, kwa kuwa mtaalamu akiwapima atawakataa baadhi.

Neno kuhusu dawa hizo za kupanga joto, hasa prostaglandini: ukimpiga ng'ombe mwenye mimba, mimba inatoka. Apimwe kwanza. Na mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa, kwani inapenya kwenye ngozi.

Mambo yakienda sawasawa, kiinitete kibichi cha kuosha hushika nusu ya mara au zaidi kidogo. Cha maabara kilichogandishwa, chini ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo mbebaji wa hapa hapa anamshinda ng'ombe wa kuagizwa kutoka bara. Ndama anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, anapokea kinga ya magonjwa ambayo mama yule ameyaishi, kupe wa hapa, vijidudu vya hapa. Mtamba wa kununuliwa nyanda za juu anateremka pwani bila chochote, na ndigana kali, ugonjwa wa kupe, inampokea zizini. Lakini kinga ya dang'a ni ya muda. Chanjo ya ndigana, ile iliyotokana na utafiti wa Muguga, ndama wa kiinitete anaihitaji kama mwingine yeyote, na pengine zaidi, kwa thamani yake.

Hari ya kaskazi

Nilisema nitalirudia. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, ng'ombe wa maziwa wa Malindi anahema kama aliyekimbizwa. Mwili ukipanda joto, yai linaharibika, na mimba ya siku ya kwanza hadi ya tatu hufa kwa urahisi kabisa. Ng'ombe anarudi, na mwenye ng'ombe anamlaumu mhimilishaji. Shani alinifundisha hilo mwaka ule.

Sasa angalia: mimba ikishafika siku ya saba imekomaa kiasi cha kuvumilia hari hiyo. Ukiweka kiinitete siku ya saba, umeruka zile siku za hatari. Ndiyo maana katika nchi za joto, msimu wa hari, kiinitete hushikisha ng'ombe wa maziwa kuliko uhimilishaji, ingawa miezi ya baridi tofauti hiyo inaisha. Kwa pwani hii hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, nami naiweka juu ya habari za ukoo na vyeti.

Zebu wa kienyeji hari haimsumbui hivyo. Yeye hana haja ya kurukishwa.

Na asiye na fedha za kiinitete anayo dawa nyingine: ahimilishe wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa sita, upepo ukiwa wa baridi na majani yapo, aache kulazimisha Januari. Hesabu siku 283 uone ndama atazaliwa lini na kama kutakuwa na malisho.

Mtego wa chotara

Hapa nilikaribia kuanguka mimi mwenyewe. Nilitaka Shani aoshwe, nipate akina Shani sita. Daktari mmoja akaniuliza, "Ana asili gani?" Nikamwambia nusu Sahiwal, nusu Ayrshire. Akatikisa kichwa. Ubora wa chotara wa kwanza unatokana na kukutana kwa damu mbili zilizo mbali. Watoto wake mwenyewe hawarithi mkutano ule. Karata zinachanganywa upya, mmoja anatoka na nguvu, mwingine na kwato laini na maziwa kikombe. Kiinitete hakimnakili mama, ni mtoto kama watoto wengine, ana nusu tu ya mama.

Basi Shani si wa kuoshwa. Shani ni wa kubebeshwa. Viinitete vinavyotengenezwa kwa yai la Sahiwal safi na mbegu ya Ayrshire vinampa ndama chotara wa kwanza kama yeye, kizazi baada ya kizazi, bila kundi kupanda kuelekea uzungu mpaka likashindwa na kupe, wala kushuka mpaka likakosa maziwa. Wabrazili wanafanya hivyo kwa Gir na Holstein.

Mwenye majike wa kienyeji hana haja ya kuzunguka hivyo. Akimhimilisha zebu wake kwa Sahiwal au Jersey, ndama anayezaliwa ni chotara wa kwanza tayari, kwa bei ya mrija. Swali lake litakuja miaka mitatu baadaye, yule chotara akitaka kuzaa.

Hesabu

Bei zinabadilika na mahali, kwa hiyo sitaziandika. Naandika namna ya kuzipima. Chukua gharama ya jaribio moja, igawe kwa uwezekano wa kushika. Tuseme, kwa mfano tu, mrija wa kawaida na huduma yake ni kipimo 1, na nusu wanashika: mimba moja ni vipimo 2, na ndama jike mmoja, kwa vile nusu ni madume, ni 4. Mbegu ya majike tuseme ni 3, wanne kati ya kumi wanashika: mimba ni 7.5, ndama jike ni 8 na kitu. Kiinitete tuseme ni 20, wanne kati ya kumi: mimba moja ni 50.

Basi ndama wa kiinitete akifika umri wa kuzaa, je, atakuwa amezidi mwenzake wa mrija kwa tofauti ile? Kama unauza mitamba wenye rekodi, huenda. Kama unauza maziwa lita kumi kwa mama wa chai stendi ya Malindi, sidhani, isipokuwa kwa sababu ya hari niliyoitaja, pale ambapo uhimilishaji unashindwa miezi minne mfululizo na kipimo 1 kinageuka 5 ukiwa bado huna mimba.

Weka pia kwenye hesabu kile kisicho cha maabara. Ng'ombe mkondefu hashiki kwa njia yoyote kati ya hizi. Baada ya kuzaa mpe miezi miwili mwili urudi. Gunia la chumvi ya madini limewahi kunishikishia ng'ombe wengi kuliko ujuzi wa mtu yeyote.

Na nyati?

Malindi ina Waitaliano, na penye Waitaliano pana jibini, kwa hiyo swali hili halikosekani. Mwenye mkahawa mmoja alitaka kujua kama anaweza kuleta viinitete vya nyati wa maji, awabebeshe ng'ombe wetu, apate maziwa ya mozarela ya kweli. Maziwa yale yana mafuta asilimia 7 hadi 8, karibu mara mbili ya ya ng'ombe, namwelewa. Lakini haiwezekani. Ng'ombe ana kromosomu, zile nyuzi za vinasaba, 60, nyati wa maji wa India na Italia ana 50, na kiinitete chake hakifiki kuzaliwa ndani ya ng'ombe. Nyati hubeba mimba siku 310 hivi, si 283.

Hata nyati kwa nyati, kazi ni ngumu. Jike wake ana joto la kimya, huwezi kuliona bila dume. Hupenda kuzaa kwa msimu. Ovari zake zina akiba ndogo ya mayai, kwa hiyo kuosha kunakolipa viinitete vitano kwa ng'ombe kunatoa kimoja au viwili kwake, tena inabidi kuosha mapema zaidi kwa sababu mimba yake changa hukua upesi. Ndiyo maana wataalamu wa nyati hutegemea zaidi maabara. Ndama nyati wa kwanza wa maabara, Pratham, alizaliwa Karnal, India, mwaka 1990, na mwaka 2009 kituo hicho hicho kikapata ndama wa kunakiliwa.

Mjomba naye alikuwa na lake. "Na hawa wa msitu wa Boni, mjomba? Wapo wengi, na wana nguvu." Nikamwambia hao ni ukoo mwingine, kromosomu 52, hawachanganyiki na ng'ombe wala na wa India. Wanachotuletea ni virusi vya ugonjwa wa midomo na miguu, na ndigana ya aina yao. Wazuie wasinywe pamoja na ng'ombe, ukiweza.

"Na wakinikimbiza?"

"Hilo halimo kwenye ulinganisho."

Tulipofikia

Mjomba ana majike kumi na mmoja wa kienyeji na chotara wawili. Hana hata mmoja ambaye angetamani awe kumi, alikiri mwenyewe. Kwa hiyo kiinitete hakimhusu, angalau sasa. Tulikubaliana dume wake wa miaka minne auzwe, aletwe mwingine asiye na undugu kwa kundi la malishoni. Majike wanne wakubwa, wenye nyonga, walale karibu na nyumba wakati wa kusi na wahimilishwe kwa Sahiwal. Mchungaji alipwe kitu kidogo kwa kila joto atakaloliona kweli, si la kubuni.

Mimi nimeandikisha viinitete viwili kwa ajili ya Shani, Januari, kwa makusudi. Mke wangu anasema ni bei ya bati la jikoni. Ni kweli, na mvua ya vuli hainyeshi Januari.

Juzi simu ililia saa nane usiku. Nilidhani ni msiba.

"Mjomba, amesimama! Yule mwekundu. Amesimama kabisa, na mwenzake yuko mgongoni mwake."

"Umemuona wewe mwenyewe?"

"Niko naye hapa na tochi. Nilale sasa?"

"Lala, mjomba. Alfajiri mpigie mtu wa mtungi, aje kabla ya adhuhuri. Na mwambie aufungue mbele yako."